Gen wa Hiroshima

Katika nchi ya Japani wakubwa kwa wadogo husoma hadithi za picha ziitwazo manga. Wengine hudhani ni mchezo wa watoto tu. Sivyo.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima. Sehemu kubwa ya uraniamu yake ilichimbwa hapa kwetu Kongo, kule Shinkolobwe, Katanga. Keiji Nakazawa alikuwa na miaka 6. Ukuta wa shule ulimkinga, lakini baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa nyumbani. Mama yake akafa mwaka 1966. Ndipo Nakazawa, aliyekwisha kuwa mchoraji, akakata shauri kuyachora mateso hayo. Mwaka 1973 akaanza hadithi ya mtoto Gen. Mwaka 1983 ikafanywa sinema ya michoro, yaani anime.

Gen hakuchagua vita wala njaa. Siku moja Ryuta, mtoto yatima, anakuja kuwaibia mchele. Gen angeweza kumpiga na kumfukuza, maana wao wenyewe hawana kitu. Lakini anaona anafanana na mdogo wake aliyekufa, nao wanampokea awe ndugu yao.

Mateso humjia mtu bila kubisha hodi. Kupenda au kuchukia, hayo huyachagua mwenyewe. Hata mwenye njaa ana hiari yake.

Basi, wazazi, mkiwaona vijana wenu wakitazama picha hizi, kaeni nao, mkawaulize: Gen alichagua nini?