Madaktari wa Bugando waliofuatilia saratani ya kibofu Kanda ya Ziwa

NYASHIMO, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, ipo kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, jirani na Ziwa Victoria. Kwa wakazi wake, kama ilivyo kwa Kanda ya Ziwa nzima, maradhi mazito ya kibofu hatimaye humfikisha mgonjwa katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Hapo ndipo walipofanyia utafiti wao Dk. Peter Rambau, bingwa wa patholojia, na Dk. Phillipo Chalya, bingwa wa upasuaji. Kazi ya bingwa wa patholojia haionekani sana na wagonjwa: daktari wa upasuaji hukata kipande cha nyama, naye hukitazama kwa hadubini na kusema ni nini.

Mwaka 2013 madaktari hao, pamoja na mwenzao Kahima Jackson, walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za miaka 10 za maabara hiyo. Walikuta wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu. Katika sampuli za wagonjwa 83, sawa na asilimia 44.9, yalionekana mayai ya kichocho. Aidha, asilimia 55.1 ya saratani zote zilikuwa za seli bapa, aina iliyo nadra katika nchi ambazo chanzo kikuu ni tumbaku na kemikali za viwandani.

Jambo jingine ni jinsia. Duniani, wanaume huugua saratani ya kibofu takriban mara tatu zaidi ya wanawake. Bugando wanawake walikuwa 95 na wanaume 90. Waliokuwa na kichocho walikuwa pia na umri mdogo kuliko wenzao, na mara nyingi uvimbe wao ulikuwa umeshaingia kwenye misuli ya kibofu. Na hao ni wale tu waliofika hospitali wakakatwa kipande. Aliyefia kijijini hayumo katika majalada.

Uhusiano huo haukugunduliwa Mwanza. A. R. Ferguson aliueleza akiwa Cairo mwaka 1911, kwa kuchunguza wagonjwa 40, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likathibitisha kuwa kichocho cha mkojo husababisha saratani kwa binadamu. Mayai yanayonasa katika ukuta wa kibofu huleta uvimbe na makovu ya miaka mingi. Utando wa ndani hubadilika na kuwa wa seli bapa, na hizo ndizo huja kugeuka saratani.

Mwaka 2015 Dk. Chalya, akiwa na Dk. Rambau na wenzao, alichapisha utafiti mwingine, safari hii kuhusu saratani ya uume: wagonjwa 236 katika miaka 10, wengi wao wakiwa hawajatahiriwa na wakiwa wamechelewa kufika hospitali.

Kwa mkazi wa Busega, hatari ya kibofu haiko hasa pale anapodhani. Konokono wa ufukweni mwa ziwa hueneza zaidi kichocho cha tumbo. Kile cha mkojo hutokana na konokono wa jamii ya Bulinus, wanaoishi katika malambo ya kunyweshea ng'ombe, madimbwi ya msimu na majaruba ya mpunga, mahali ambapo watoto huoga na akina mama huchota maji.

Dawa ya prazikwanteli, inayogawiwa mashuleni, huua minyoo mikubwa, ingawa haizuii maambukizi mapya mtoto anaporudi lamboni. Nchini Misri, ambako kichocho kilipigwa vita kwa miongo kadhaa, sehemu ya saratani za kibofu zilizo za seli bapa ilishuka kutoka asilimia 78 mwaka 1980 hadi 27 mwaka 2005.