Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki (1977)

Makala hii inahusu Jumuiya ya kwanza, iliyodumu kuanzia 1967 hadi 1977. Kwa ile iliyoanzishwa upya mwaka 1999 tazama Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tukio la mwaka 1977 ambapo Kenya, Tanzania na Uganda ziliacha ushirikiano wao wa soko, forodha, reli, bandari, posta na usafiri wa anga. Mwaka huohuo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Tukio hili ndilo mfano mkubwa katika Afrika Mashariki wa yale yanayotokea kwenye mipaka na mikataba ya biashara nchi zinapoachana bila utaratibu uliokubaliwa. Mstari wa mpaka haukusogea hata kidogo. Kilichobadilika ni kazi ya mstari huo.

Ngazi za ushirikiano

Ili kuelewa kilichopotea, inafaa kutofautisha ngazi tatu za ushirikiano wa kiuchumi:

- Eneo la biashara huria: nchi wanachama hazitozani ushuru wa forodha, lakini kila moja hupanga ushuru wake kwa bidhaa za nchi za nje.
- Umoja wa forodha: pamoja na hayo, nchi wanachama hutoza ushuru mmoja wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya umoja.
- Soko la pamoja: pamoja na bidhaa, watu, huduma na mitaji pia huruhusiwa kuvuka mpaka kwa urahisi.

Nchi inayojitoa hushuka ngazi hizo. Bidhaa yake, iliyokuwa ikipita kama ya nyumbani, huhesabiwa kuwa ya kigeni: hulipiwa ushuru, hukaguliwa, na huhitaji cheti kinachoonyesha imetengenezwa wapi.

Historia

Ushirikiano huo ulianza wakati wa ukoloni. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikaingizwa kwa hatua katika miaka ya 1920. Tangu 1919 kulikuwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilitoa shilingi moja kwa nchi zote. Huduma za pamoja zilisimamiwa na Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki (1948–1961), kisha na Shirika la Huduma za Pamoja (1961–1967).

Baada ya uhuru sarafu ya pamoja ilivunjwa, na mwaka 1966 kila nchi ilianzisha benki kuu yake. Hata hivyo marais Julius Nyerere, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitia saini mkataba wa Jumuiya mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba 1967. Makao makuu yalikuwa Arusha. Mashirika makubwa yaligawanywa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, ambako pia kulikuwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki.

Sababu za kuvunjika

Sababu zinazotajwa zaidi ni hizi:

- Faida zisizo sawa. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, hivyo Kenya iliuza zaidi kwa jirani zake kuliko ilivyonunua kwao. Mkataba wa 1967 uliruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalumu kwa baadhi ya bidhaa za Kenya ili kulinda viwanda vichanga, lakini pengo halikuzibika.
- Tofauti za siasa ya uchumi. Tanzania ilifuata ujamaa baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, wakati Kenya ilifuata njia ya ubepari.
- Mapinduzi ya Uganda. Idi Amin alipompindua Obote tarehe 25 Januari 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Kikao cha marais watatu, kilichokuwa chombo cha juu cha uamuzi, hakikukutana tena.
- Fedha za mashirika. Nchi zilicheleweshana kutuma makusanyo makao makuu, na mashirika yakashindwa kulipa madeni yake.

Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama na Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka na kuzuia magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa upande wake. Kufikia mwisho wa Juni bajeti ya mwaka mpya ilikuwa haijapitishwa, na Jumuiya ikafa.

Athari kwa mpaka

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 na 1890. Mwaka 1964 mjini Cairo, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilikubaliana kuheshimu mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru. Kwa hiyo kuvunjika kwa Jumuiya hakukufungua mjadala wa ardhi. Hata makubaliano ya mpaka wa baharini, ambayo nchi hizo mbili ziliyafikia kwa kubadilishana barua kati ya 1975 na 1976, yaliendelea kuwa halali.

Kilichobadilika ni ruhusa ya kupita. Vituo vya Namanga, Holili, Horohoro na Sirari vilifungwa kwa biashara ya kawaida. Watalii wengi waliokuwa wakiingia Serengeti kutokea Nairobi walikatiwa njia. Njia ya Bologonja, kati ya Serengeti na Masai Mara, haikufunguliwa kwa watalii hata vituo vingine vilipofunguliwa mwaka 1983.

Athari kwa usafiri

Reli. Njia ya Voi–Taveta–Kahe, iliyounganisha Moshi na bandari ya Mombasa, iliacha kutumika. Reli ya Tanga na Moshi haikubaki kisiwa kwa sababu kipande cha Ruvu–Mnyusi, kilichokamilika mwaka 1963, kilikuwa kimeiunganisha na Reli ya Kati. Hata hivyo karakana kuu ya injini ilikuwa Nairobi, na Tanzania ilipoanzisha Shirika la Reli lake ililazimika kujipanga upya kwa matengenezo.

Ziwa Victoria. Meli za reli ziligawanyika kwa kufuata nchi zilizobaki nazo. MV Victoria na MV Umoja zilibaki Tanzania, na MV Uhuru, inayobeba mabehewa, ikabaki Kenya. Safari ya kuzunguka ziwa kupitia Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza na Musoma ilikatika. Uganda ilibaki bila meli kubwa ya mabehewa hadi iliponunua zake, MV Kabalega, MV Pamba na MV Kaawa, katika miaka ya 1980.

Anga. Ndege nyingi zilikuwa Nairobi. Tanzania ilianzisha Shirika la Ndege la Tanzania Machi 1977 na kuanza na ndege chache.

Athari kwa biashara

Kenya ilipoteza soko la Tanzania pamoja na njia ya malori ya kwenda Zambia. Tanzania ilipoteza chanzo cha karibu cha bidhaa za viwandani na vipuri. Pengo hilo lilikuja wakati mbaya, kwa kuwa lilifuatwa na Vita vya Kagera (1978–1979) na kupanda kwa bei ya mafuta duniani. Bidhaa zikaadimika madukani.

Biashara halali ilipozuiwa, watu wa mpakani hawakuacha kuuziana. Biashara ilihamia njia za panya, na serikali zikakosa ushuru. Magendo na ulanguzi vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyolengwa na kampeni ya serikali ya Tanzania dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoanza mwaka 1983 chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine.

Mgawanyo wa mali na kufunguliwa kwa mpaka

Kwa kuwa hapakuwa na mapatano ya awali, kila nchi ilishika mali iliyokuwa kwenye ardhi yake. Mwanadiplomasia wa Uswisi Victor Umbricht aliteuliwa kuwa msuluhishi kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kazi yake ilichukua miaka kadhaa, na mkataba wa mgawanyo wa mali na madeni ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Uganda, iliyokuwa imebaki na mali pungufu ya fungu lake, ilistahili kufidiwa na wenzake.

Makubaliano hayo yalipokaribia, Nyerere, Obote na Rais Daniel arap Moi walikutana Arusha Novemba 1983, na mpaka ukafunguliwa. Waliochelewa zaidi kuona mwisho wake ni watumishi wa mashirika ya Jumuiya: nchini Tanzania madai ya mafao yao yaliendelea hadi baada ya mwaka 2000.

Si kila kitu kilivunjika. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliendelea kwa katiba mpya ya mwaka 1980, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki pia lilibaki.

Utaratibu wa kujitoa katika mkataba wa 1999

Mkataba mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Utangulizi wake unataja udhaifu wa utashi wa kisiasa, ushiriki mdogo wa sekta binafsi na wananchi, na mgawanyo usio sawa wa faida kuwa sababu za kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza.

Ibara ya 145 inaruhusu nchi kujitoa, kwa masharti: bunge lake liamue kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, na Katibu Mkuu apewe taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili. Katika muda huo nchi huendelea kutimiza wajibu wake, na inaweza kufuta taarifa hiyo. Hata baada ya kuondoka hubaki na ahadi za muda mrefu ilizoziingia ikiwa mwanachama. Hivyo mfanyabiashara hupata mwaka mmoja wa kujipanga, jambo ambalo halikuwepo Februari 1977.

Mifano ya kulinganisha

- Tanzania na COMESA. Mwaka 2000 Tanzania ilijitoa katika Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Hakuna mpaka uliofungwa, kwa sababu ilikuwa bado na mikataba mingine: SADC kwa Zambia na Malawi, na Jumuiya mpya kwa Kenya na Uganda.
- Uingereza na Umoja wa Ulaya. Uingereza ilitoka tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha tarehe 31 Desemba 2020. Kenya, iliyokuwa ikiuza maua na chai huko chini ya utaratibu wa Umoja wa Ulaya, ililazimika kutia saini mkataba wake na Uingereza Desemba 2020.
- Mali, Burkina Faso na Niger. Nchi hizi zilitangaza kujitoa ECOWAS Januari 2024, na kujitoa kukakamilika tarehe 29 Januari 2025, baada ya mwaka mmoja.

Umuhimu kwa maeneo yasiyo ya mpakani

Athari za namna hii hazikomei mpakani. Mkoani Shinyanga, Isaka ina bandari kavu kwenye reli ya Tabora–Mwanza, ambako mizigo ya Rwanda na Burundi hushushwa na kuendelea kwa malori kupitia Kahama hadi Rusumo na Kabanga. Madereva, mafundi, mama lishe na wenye nyumba za wageni wa njia hiyo hutegemea mpaka unaopitika. Vivyo hivyo mkulima wa mpunga au mahindi wa Segese, katika Halmashauri ya Msalala, huathirika bei inaposhuka kwa sababu mnunuzi wa nchi jirani amezuiwa.

Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya Julai 2007. Lakini mizigo yao inalindwa pia na mkataba wa Ushoroba wa Kati wa mwaka 2006, unaozihusisha Tanzania, Rwanda, Burundi, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa hiyo nchi mojawapo ikitoka katika Jumuiya, haki ya kupitisha mizigo haifutiki papo hapo. Kinachopotea kwanza ni nafuu ya ushuru kwa bidhaa zinazouzwa kati ya nchi na nchi.

Tazama pia

- Jumuiya ya Afrika Mashariki
- COMESA
- SADC
- Vita vya Kagera
- Reli ya Kati
- Isaka