Posa ya Ubaoni na Posa ya Njiani

Mtu akisikia kwamba kijana ameposa kwa kupanga herufi kwenye ubao wa Scrabble, haraka atasema hayo ni mambo ya mjini, ya watu waliosoma na wenye muda wa kupoteza. Mwamapalala itakuwa ya mwisho kumjia akilini. Kata hiyo ya Itilima, iliyokuwa sehemu ya Bariadi kabla wilaya haijamegwa mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulipoundwa, ni nchi ya pamba na ng'ombe, na posa huko ni suala la mifugo mingapi itahama kutoka zizi hili kwenda lile. Hata hivyo, kuposa kwa kuchezea maneno hakukuletwa Usukumani na ubao wa Scrabble. Vijana wa huko walikuwa na mchezo wao kabla hawajaisikia Scrabble. Ugeni wa ubao uko kwenye kanuni zake, hasa ile inayompa anayeulizwa zamu yake mwenyewe, na ndani ya zamu hiyo haki ya kutojibu.

Tuanze na ubao. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ipi hutokea mara nyingi na ipi ni adimu. Mchezo wake ulipata jina la Scrabble mwaka 1948, chini ya James Brunot. Hesabu ile ilikuwa ya Kiingereza, na athari yake humfikia hata Mswahili anayetaka mke. Kasha lina vipande 100, viwili kati yake vitupu, na K ni moja tu. Sentensi ya kawaida kabisa, NATAKA KUKUOA, inadai K tatu. Kwa hiyo mposaji atahitaji K pekee iliyomo pamoja na vipande vyote viwili vitupu, na kwa kuwa kila mchezaji hushika vipande saba tu kwa wakati mmoja, itambidi avingojee zamu baada ya zamu. Mjanja ataandika TUOANE, herufi sita za kawaida. Lakini hapo pia kuna mtego: neno hilo halimo katika kamusi ya Kiingereza, na kwa kanuni za mchezo mpinzani anaruhusiwa kulipinga, na mwenye nalo akalazimika kuliondoa ubaoni. Binti asiyetaka hahitaji hata kusema hapana. Anapinga neno, mchezo unaendelea.

Fumbo la maneno la magazetini, ambalo ni ndugu mkubwa wa Scrabble kwa kuwa lilianza katika gazeti la New York World mwezi Desemba 1913, limewahi kutumika hivyohivyo. Mnamo Januari 1998, kwa ridhaa ya mhariri wake Will Shortz, fumbo la New York Times lilifichiwa posa ya msomaji mmoja kwa mpenzi wake, na mojawapo ya majibu ya kujazwa lilikuwa swali lenyewe la ndoa. Aliyeulizwa alikubali. Watu wengi sana walijaza fumbo lile siku ile bila kujua wamebeba barua ya mtu. Umati ulikuwapo, ila haukuwa umemzunguka mhusika ukimtolea macho, na tofauti hiyo ndiyo inayotupeleka Usukumani.

Usukumani neno limekuwa uwanja wa mashindano kwa muda mrefu. Tangu karne ya 19 vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimekuwa vikishindana baada ya mavuno, na ushindi ni wa upande uliovuta watazamaji wengi, huku mtunzi wa nyimbo, ningi, akibeba sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa kejeli na mafumbo. Ni katika mazingira ya ngoma na minada ndipo ilipostawi desturi ya chagulaga. Vijana wa kiume, mara nyingi kundi zima, humfuata binti anayerudi nyumbani, wakimwimbia kwa Kisukuma achague mmoja wao: chagulaga, mayu. Kila mmoja hujinadi kwa maneno yake. Binti hujifunika khanga, hutembea, husimama, hutembea tena, nao hawaachi.

Wapo wanaoitetea, na hoja yao si ya kubezwa. Wanasema katika jamii ambamo baba na wajomba ndio walioamua, chagulaga ilimpa msichana nafasi ya kunyoosha kidole mwenyewe. Ni kweli kwamba kuna uchaguzi pale. Lakini tazama ni uchaguzi wa nini: anaweza kumchagua huyu au yule, hawezi kuchagua kwenda zake. Njia imezibwa, jua limezama, na kunyamaza kwake hakuhesabiwi kuwa jibu. Ndiyo maana desturi hiyo imelaumiwa kwa kuwasumbua wasichana, wanafunzi wakiwamo. Mchezo ambao mmoja hawezi kuachia zamu ipite ni mchezo wa upande mmoja, hata ukiimbwa vizuri namna gani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai ridhaa ya hiari ya wote wawili, na hiari ya mtu aliyezungukwa gizani ni ngumu kuithibitisha.

Mzee wa Itilima atakuwa na pingamizi lingine: ndoa si ya watu wawili, ni ya koo mbili, na vipande vya plastiki haviwezi kuchukua nafasi ya mshenga. Hapo ana haki nusu. Hans Cory, aliyeandika kitabu cha sheria na mila za Wasukuma kilichotoka mwaka 1953, alieleza kwamba mila yenyewe ilitambua aina mbili za muungano: bukwilima, uliolipiwa ng'ombe, na butende, ambao haukulipiwa. Katika butende watoto walibaki upande wa mama hadi baba awakomboe kwa mifugo. Maana yake ni kwamba wazee wa zamani walijua vema kuwa makubaliano ya vijana ni jambo moja na mahari ni jingine, na waliweka utaratibu kwa kila moja. Posa ya ubaoni inaangukia upande wa makubaliano tu. Haimpunguzii baba ng'ombe hata mmoja, wala haimnyimi mshenga safari yake.

Na anayeona kwamba herufi za mchezo hazina uzito, akumbuke kuwa sheria hiyohiyo ya 1971 inaruhusu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa. Kijana anayepanga TUOANE kwa utani, kisha akajibiwa NDIYO mbele ya mashahidi, anaweza kujikuta akieleza utani wake mahakamani.