Mukiri: Mtu Aliyenyamaza Akaleta Maji

Wasee, kazi yangu ni kuongea. Nikinyamaza siku tatu tu, namba zinashuka. Labda ndiyo maana huyu jamaa ananisumbua akili sana. Watu wa Meru walimpa jina Mukiri, yaani mtu mkimya, na kwa ukimya huo huo aliacha kazi ambayo sisi wenye midomo hatujaikaribia.

Jina lake la kuzaliwa ni Giuseppe Argese, Mwitaliano. Alikuja Kenya mwaka 1957 akiwa bruda wa Wamisionari wa Consolata. Kama hukulelewa Katoliki, wacha nikuelezee: bruda si padri. Haadhimishi misa, haungamishi mtu. Huyu alikuwa fundi wa ujenzi. Kwa hiyo usitarajie mahubiri ya kutetemesha kanisa.

Wenzake wa Consolata walikuwa wamefika Kenya mwaka 1902, wakaanzia Tuthu kule Murang'a, baadaye wakaenea hadi Meru. Jimbo la Meru lilikuwa kubwa ajabu. Hata Embu ilikuwa ndani yake hadi 1986, ilipopata jimbo lake na askofu wake wa kwanza, John Njue, yule aliyekuja kuwa Kardinali. Ndani ya jimbo hilo, kwenye miteremko ya Nyambene, kuna mahali panaitwa Tuuru. Hapo Padri Franco Soldati alianzisha makao ya watoto waliolemazwa na polio.

Watoto walikuwepo. Maji ndiyo hayakuwepo.

Sasa piga hiyo hesabu. Mtoto asiyeweza kutembea anahitaji kuoshwa, nguo zake kufuliwa, chakula chake kupikwa. Maji yako mbali, na anayeyafuata ni mwanamke, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Shosho yangu alibeba hivyo tangu akiwa msichana. Alama ya kamba bado iko kwenye paji lake. Nikiwa mdogo nilidhani ni kovu la ajali.

Kile Mukiri alichokiona ni kitu ambacho kila mtu alikuwa anakiona kila asubuhi: ukungu. Msitu wa Nyambene hushika ukungu. Unagonga majani, unakuwa matone, matone yanadondoka, yanazama kwenye udongo. Wengine waliona baridi, yeye akaona maji. Akaingia msituni na vibarua wa Kimeru, wakachimba mahandaki chini ya ardhi wakikusanya maji hayo kidogo kidogo. Wakayahifadhi kwenye bwawa la Mukululu, kisha wakayaachilia yateremke yenyewe kwa mabomba. Mlima ndio pampu.

Kazi ilianza kwa ajili ya watoto wa Tuuru, lakini mabomba hayakuishia kwenye geti lao. Yaliendelea kuteremka mwaka baada ya mwaka, yakapita kilomita 200, na maji yakafikia zaidi ya watu 200,000. Hiyo si kazi ya mhula mmoja wa mheshimiwa. Ni miaka na miaka ya mtu yuleyule, mlima uleule, matope yaleyale.

Najua kuna mtu atasema: hao wamisionari si walikuja wakati mmoja na wakoloni? Ni kweli, na hilo swali ni halali. Mimi pia sipendi hadithi ya mzungu mmoja anayeokoa kijiji kizima. Hayo mahandaki hayakuchimbwa na mikono miwili. Kuna wazee wa Meru waliochimba humo ambao majina yao hakuna mahali yameandikwa, na hilo ni deni letu sisi tunaojifanya tunapenda historia. Lakini angalia pia jina. Mukiri hakujiita Mukiri. Wenyeji walimwangalia miaka mingi, wakaamua wenyewe. Jina kama hilo hulipati kwa kujitangaza.

Nilimuuliza shosho kama anakumbuka jambo lolote ambalo Mukiri alisema. Akafikiri sana. Akasema hapana, hakumbuki hata neno moja. Halafu akaniambia niangalie kama nimefunga mfereji vizuri, maji yasimwagike.

Na hapo ndipo roho yangu inauma. Kwangu hapa Nairobi maji huja siku mbili kwa wiki, zingine tunanunua mitungi. Kwa hiyo nikisikia mtu wa nyumbani anasema msitu wa Nyambene ni shamba limelala bure, naogopa. Maji haya hayatoki kwenye bomba, yanatoka kwenye majani. Ukikata mti, ukungu utapita tu kama kawaida, hauna pa kushikilia, na bomba lote hilo litabaki chuma.

Tunaweza kumwombea misa kila mwaka, tumjengee hata sanamu. Ni sawa. Lakini kumbukumbu yake ya kweli ni ule msitu, na unalindwa au unaliwa na watu wa rika letu, si na wazee.

Ukienda ushago Desemba, muulize mzee mmoja maji yenu yanatoka wapi na nani alichimba. Andika jina atakalokutajia.