Gongo na moshi
Huku Mbwawa, kama kwingineko Pwani, gongo ni fimbo nene. Ni pia kinywaji kinachomwangusha mtu kama aliyechapwa nayo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 ililiita kwa jina la upole, moshi, nami nalipenda zaidi: pombe huchemshwa, mvuke wake ukapozwa, yakadondoka matone. Bourbon, wiski ya Marekani, hupikwa vivyo hivyo, nafaka zake zikiwa mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, kisha hulazwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, ndimo inamopata rangi. Gongo halisubiri pipa. Basi bourbon watu huinusa, wakaionja, gongo "hulipiga". Nalo hurudisha.