Wataalamu wa Kanada na ngano ya Hanang

Wanapotajwa wafanyakazi wa kigeni, wengi hufikiria vibarua wanaovuka mipaka kutafuta riziki. Wilayani Hanang, mkoani Manyara, waliokuja ni wataalamu wa kilimo kutoka Kanada, na alama yao ingali ardhini.

Mradi wa ngano wa Basotu ulianza mwaka 1970 kwa ushirikiano wa Kanada na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO). Mashamba saba yalifikia takriban ekari 100,000. Mashine zilitoka Kanada, na Watanzania wakapelekwa huko kusomea kazi. Ustadi huo si wa kubezwa.

Gharama ilibebwa na Wabarabaig, wafugaji waliopoteza malisho yao bora. Hata makaburi ya wazee wao yalilimwa, jambo ambalo mwenyeji yeyote angeliweza kulionya mapema, kama angeliulizwa. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO, kikashinda Mahakama Kuu. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikabatilisha sehemu kubwa ya ushindi huo.

Fedha za Kanada zilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wataalamu wakarejea kwao. Hanang bado inalima ngano.