Jina la Kubandikwa na Jina la Kujiita: Kutoka 'Mjerumani' hadi 'Mlumbwa'

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tunapofundisha isimujamii huku Kericho na Bomet hutaja majina ya jamii kana kwamba yalishuka pamoja na mvua. Hebu tuyachunguze.

Tuanzie mbali. 'Mjerumani' ni neno lenye asili ya Kilatini, 'Germani'. Tacitus, mwandishi Mrumi, alieleza mnamo mwaka 98 kwamba hapo awali lilikuwa jina la kabila moja lililovuka mto Rhine, kisha likaenea kwa makabila yote. Wenyewe hujiita 'Deutsche', neno ambalo mzizi wake ulimaanisha 'watu'. Kiswahili kilipokea yote mawili: Hemedi bin Abdallah el-Buhry, katika utenzi wake kuhusu vita vya Mrima, anawaita 'Wadachi'.

Sasa turudi nyumbani. Wakoloni Waingereza waliwaita Wakipsigis 'Lumbwa'. Neno hilo walilipata kwa Wamaasai, waliolitumia kwa dharau kumtaja mtu anayelima badala ya kutegemea mifugo. Mkoloni alilibandika hata kwenye kituo cha reli, ambacho siku hizi huitwa Kipkelion. Hali wenye jina walikuwapo, nao walijiita Kipsigis!

'Kalenjin' lina historia tofauti. Maana yake ni 'nakwambia'. Katika miaka ya 1940 lilienezwa na matangazo ya redio pamoja na vijana wasomi, na mwaka 1948 Kalenjin Union ikaundwa mjini Eldoret. Jamii ambazo wageni waliziita 'wasemao Kinandi' zikawa zimejichagulia jina la pamoja.

Basi tunapata aina tatu: jina la kubandikwa, jina la kujiita na jina la kukubaliana. Tofauti hii si ya mtihani tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walifukuzwa katika mashamba ya chai kwa sababu ya majina ya makabila yao. Darasani mwako wamo watoto wa wachuma chai wa jamii nyingi. Kabla ya kutamka jina la jamii yoyote, jiulize: nani alilitoa, kwa nia gani, na je, wanaoitwa hivyo wanalikubali?

Zoezi: Chagua jina moja la jamii au la mahali unapoishi. Eleza asili yake, kisha ujadili kama ni la kubandikwa, la kujiita au la kukubaliana.